Mti Usioachia Tunda Mpaka Uitwe Jina

Vitabu vya picha vinavyofika katika madarasa yetu ya Shule ya Jumapili, huku Temeke na kwa wenzetu wa Kinondoni, kwa kawaida ni vya aina mbili. Kuna vya Biblia: safina ya Nuhu, Daudi na Goliathi, Yona tumboni mwa samaki. Na kuna vya ngano, zile hadithi za Sungura na Fisi tulizosimuliwa na bibi zetu, zikaandikwa upya kwa maneno machache na kuwekewa michoro. Aina ya kwanza haimsumbui mtu. Aina ya pili huleta mjadala kila mara: wapo wazazi wanaosema ni upuuzi, wapo wanaosema ni upagani, na wapo wanaosema ni nzuri ilimradi mwishoni tuweke mstari wa Biblia. Tunaona maswali hayo hayajibiki kwa ujumla. Yanajibika kitabu kwa kitabu. Kwa hiyo tumechukua kimoja tunachokifahamu vizuri, The Amazing Tree cha John Kilaka, mchoraji wa Kitanzania, kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 2009.

Hadithi yenyewe ni fupi. Ukame umeingia na wanyama wana njaa. Uko mti mmoja mkubwa uliojaa matunda yaliyoiva, lakini matunda hayaanguki. Sungura anashauri waende kwa Kobe, mzee mwenye hekima, na anajitolea kwenda yeye. Wakubwa wanamkatalia: ni mdogo mno. Wanatumwa wenye miili. Kobe anawaambia siri, kwamba mti huo huachia matunda yake ukiitwa kwa jina, na jina lake ni Ntungulu Mengenye. Wanaondoka nalo, na kabla ya kufika wamelisahau. Wanatumwa wakubwa wengine, nao wanasahau. Mwisho anakwenda Sungura, analishika jina njia nzima, anafika, analitamka, na matunda yanaanguka.

Tuanze na picha, maana kitabu cha picha kikishindwa hapo kimeshindwa. Kilaka alizaliwa upande wa Sumbawanga, mkoani Rukwa, akaja Dar es Salaam akiwa kijana na kujifunza uchoraji wa Tingatinga. Wengi wetu tumeishi na michoro hiyo tangu utotoni bila kuiheshimu. Tunaipita kwenye vibanda vya Oysterbay, tunasema ni vitu vya watalii. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akafanya kazi za nyumbani kwa watu hapa mjini, na mwaka 1968 akaanza kuchora wanyama kwa rangi ya kupaka baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, akiviuza hapo Morogoro Stores. Alifariki mwaka 1972, ana miaka minne tu ya kuchora, na vijana aliowafundisha wakaendelea. Rangi ile ya baiskeli haichanganyiki kirahisi na haipendi vivuli vyepesi. Ndiyo maana mnyama wa Tingatinga anajaza ubao mzima, ana mstari mzito pembeni, na nyuma yake pako wazi.

Kwa mwalimu wa Jumapili, sifa hiyo ina thamani kubwa kuliko anavyodhani mhakiki wa magazeti. Vitabu vingi vya picha vinavyoletwa kutoka nje vimechorwa kwa ajili ya mtoto mmoja aliyekaa mapajani mwa mama yake kabla ya kulala. Wino ni mwepesi, panya amejificha chini ya jani, na furaha ni kumtafuta. Darasani kwetu kuna mabenchi sita na kitabu kimoja. Mtoto wa benchi la mwisho hamwoni panya huyo wala jani lenyewe. Wanyama wa Kilaka anawaona. Wamesimama kwa miguu miwili, wamevaa nguo zenye maua na mistari kama watu wanaokwenda sokoni Tandika, na unaweza kumtambua Tembo kutoka mlangoni. Huenda mchoraji hakufikiria mabenchi yetu hata kidogo, lakini mtindo aliorithi ulizaliwa kwa ajili ya mpita njia anayetazama kwa mbali.

Sasa hadithi. Si ya kijiji kimoja, na hilo linatusaidia kuipima. Mwaka 1989 Celia Barker Lottridge aliitoa huko Kanada kwa jina The Name of the Tree, na michoro ya Ian Wallace. Humo anayelijua jina la mti ni Simba mfalme, na anayelikumbuka ni kobe mdogo. Mwaka 2013 Dianne Hofmeyr na mchoraji Piet Grobler waliitoa tena kama The Magic Bojabi Tree, na huko pia kobe ndiye anayekumbuka. Ukiviweka vitabu hivi kando ya cha Kilaka, jambo moja linajitokeza. Kwa Kilaka, Kobe amehama upande. Hayuko tena njiani akitambaa na jina mdomoni. Yuko nyumbani kwake, ni mzee, na ndiye mwenye jina. Mwenye kulibeba ni Sungura, aliyekataliwa kwa udogo wake.

Tofauti hii si ndogo. Jina likikaa kwa Simba, safari ya wanyama inakuwa safari ya kwenda ikulu. Anayesahau anaogopa kurudi, maana mfalme ataudhika kuulizwa tena. Jina likikaa kwa Kobe, hakuna mlinzi wala kiti cha enzi. Kuna mzee asiyekimbia kwenda popote, anayejua jambo, na anayelisema tena kila anapoulizwa. Sisi tuliosoma habari za Samweli tunaijua picha hiyo. Eli alikuwa mzee, macho yake yamefifia, na sauti haikumjia yeye usiku ule; lakini ni yeye aliyejua mtoto ajibu nini atakapoitwa kwa jina. Mzee ana maarifa bila nguvu za kwenda, mtoto ana miguu na masikio bila maarifa. Katika kundi letu la walimu tumebishana kama ni halali kuziweka hadithi hizi mbili pamoja. Tunadhani ni halali, mradi tusimwambie mtoto kwamba Kobe ni Eli. Kobe ni Kobe.

Na kwa nini wakubwa wanasahau? Hapa kitabu kinaweka siri yake bila kuihubiri. Hawasahau kwa kukosa akili. Wanasahau kwa sababu wameiona kazi kuwa nyepesi: kwenda, kusikia neno, kurudi. Waliotumwa kwa sababu ya ukubwa wa miili wanadhani mwili ndio utakaobeba neno. Sungura hana mwili wa kutegemea, kwa hiyo anategemea kulitamka. Anayekumbuka agizo la Kumbukumbu la Torati, kwamba maneno yasemwe kwa watoto mtu akikaa nyumbani na akitembea njiani, ataona kwamba huko nako dawa ya kusahau ni mdomo unaorudia, na njia ni mahali pa kurudia.

Hapo ndipo hadithi hii inapotugusa sisi wa Temeke kwa namna ambayo huenda haimgusi msomaji wa Ulaya. Nusu ya familia za mitaa yetu zilipanda Barabara ya Kilwa kutoka Lindi na Mtwara, kizazi kimoja au viwili vilivyopita. Nyumba moja ya kupanga Mbagala ina Mmakonde, Mngoni, Mzaramo na Mnyakyusa, na watoto wao wote wanacheza kwa Kiswahili, jambo tunalomshukuru Mungu kwalo. Lakini bibi aliyekuwa na hadithi amebaki kijijini, na mama aliyezisikia anatoka alfajiri kwenda kazini na kurudi saa mbili usiku. Tulipowauliza watoto wa darasa la kati nani kati yao amewahi kusimuliwa hadithi kwa lugha ya kwao, walitazamana. Mmoja akasema amesimuliwa katuni. Jina limetoka kwa Kobe, liko njiani, na aliyelibeba amechoka.

Tena angalieni safari ya kitabu chenyewe. Hadithi ya bara la Tanzania imechorwa na mwana wa Rukwa kwa mtindo wa Dar es Salaam, ikachapishwa na kampuni yenye asili ya Uswisi, ikasomwa kwa Kiingereza, kisha mwalimu wetu anaifungua mbele ya watoto na kuitafsiri papo hapo kwa Kiswahili. Katika mzunguko wote huo, maneno pekee ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa ni Ntungulu Mengenye. Hakuna mtoto wa darasa letu anayejua maana yake. Wanalipenda hivyo hivyo, kwa uzito wake mdomoni. Mwalimu mmoja alipendekeza tuweke jina rahisi, tuseme Mwembe Mwema, ili watoto wasihangaike. Tulimkatalia kwa upole. Jina likiwa rahisi, Tembo atalikumbuka na hadithi itaisha ukurasa wa nne.

Lakini tuseme pia kinachopungua. Hadithi ya bibi ilikuwa na mlango, paukwa na pakawa, na ilikuwa na mahali ambapo wasikilizaji huimba. Msimulizi alisimama, watoto wakajaza. Kitabu cha picha hakina mlango huo. Kinaanza tu, na kinaendelea bila kukungoja. Kurudiarudia kwa jina kunabakiza kitu, maana kufikia safari ya pili watoto wameshalijua na wanamshangaa Tembo kwa nini halijui, na mwalimu mwenye busara atawaachia wao walitamke. Mwalimu asiye na busara atalisoma mwenyewe kama tangazo la ibada. Kitabu hakimwelekezi. Kwa maoni yetu huo ni upungufu wa aina nzima ya vitabu hivi, si wa Kilaka peke yake.

Tuje kwa wazazi wanaosema ni upagani. Hoja yao si ya kudharauliwa. Wengi wetu tunatoka mahali ambapo miti fulani haikukatwa, haikuchezewa, na chini yake palitolewa tambiko. Mzazi aliyeacha hayo kwa gharama, pengine kwa kutengwa na ndugu zake, akisikia mwanawe anafundishwa kanisani kwamba kuna mti unaosikia na kutoa chakula, ana haki ya kushtuka. Tumemsikiliza mama mmoja aliyesema hivyo na hatukumwona mshamba.

Jibu letu ni kurudi kwenye hadithi na kuangalia wanyama wanafanya nini hasa. Hawapigi magoti. Hawachinji kitu. Hawauombi mti, na wala mti hauwadai lolote, hauwaadhibu waliosahau, haukasiriki. Wanalotakiwa kufanya ni kulijua jina na kulitamka. Mwanzo sura ya pili inatuonyesha Adamu akiletewa viumbe avipe majina, na huko jina haligeuki kuwa ibada. Ni uhusiano wa mtu na kiumbe anachokitunza. Waamuzi sura ya tisa ni kali zaidi. Yothamu anasimama juu ya kilele cha mlima na kuwasimulia watu wa Shekemu ngano kamili, ya miti iliyotoka kutafuta mfalme, mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, mpaka wakafika kwenye mti wa miiba. Hakuna aliyewahi kutuambia tuuondoe ukurasa huo. Punda wa Balaamu naye alisema. Miti na wanyama wanaosema hawakuingia kanisani kupitia kwa Kilaka.

Hata hivyo hatudai kwamba kila kitu kimeisha. Mti ule unasikia, na kitabu hakisemi unasikiaje. Wenzetu wengine wangependa tuongeze sentensi moja, kwamba Mungu ndiye aliyeuamuru. Tumeona ni heri kuacha. Sentensi hiyo ingemtuliza mzazi na kumlaza mtoto. Mtoto mmoja alipouliza mti ulikuwa na masikio wapi, mwenzake alimjibu kwamba labda matunda ndiyo masikio. Hatuoni ni kwa nini tungeyanunua mazungumzo hayo kwa sentensi.

Tatizo kubwa zaidi liko kwa wale wanaosema hadithi ni nzuri ilimradi iwe na funzo. Hawa ndio wengi, na ndio wanaoandika vitabu vingi vya ngano vinavyouzwa mezani nje ya makanisa baada ya ibada. Tumesoma kadhaa. Sungura humo ameokoka. Haibi tena asali, anaomba. Simba ni mzazi mkali lakini mwenye upendo. Na ukurasa wa mwisho una sanduku lenye maandishi mazito: umejifunza nini? Mtoto hujifunza haraka sana, hujifunza kuruka mpaka kwenye sanduku.

Kinachoshangaza ni kwamba wamisionari wa zamani, tunaowalaumu kwa mengi na mara nyingi kwa haki, hapa walikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864, na mwaka 1870 alichapisha London kitabu kiitwacho Swahili Tales, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili, kama watu wa Unguja walivyomsimulia. Baadaye alikuwa askofu, akasimamia ujenzi wa kanisa kuu pale palipokuwa soko la watumwa Mkunazini, na akafanya kazi kubwa ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili. Katika kitabu chake imo hadithi ya Sungura aliyeiona asali ndani ya mbuyu wa Simba. Sungura ni mwizi na mwongo tangu mwanzo hadi mwisho. Simba anapomvizia ndani ya nyumba, Sungura anaisalimu nyumba kwa sauti, anajifanya kushangaa kwamba leo haiitikii, na Simba mjinga anaitikia. Sungura anakimbia. Askofu hakumtubisha. Hadithi hiyo hiyo ilifika Marekani na mwaka 1989 ikawa kitabu cha picha cha Verna Aardema na mchoraji Jerry Pinkney, na mpaka leo watoto wanacheka mahali palepale pa nyumba.

Je, tunafundisha wizi? Bwana wetu mwenyewe alisimulia habari za wakili dhalimu aliyepunguza hati za wadeni wa tajiri wake ili apate pa kukimbilia, na katika hadithi hiyo tajiri anamsifu kwa busara. Wahubiri wamehangaika nayo tangu zamani. Haikusafishwa. Nathani naye alipokwenda kwa Daudi na habari za maskini na mwana-kondoo wake mmoja, alimwacha mfalme akasirike kwanza, ahukumu kwanza. Kama angeanza na funzo, Daudi angejibu kama mfalme anavyojibu mashtaka.

Kilaka ana kitabu kingine, True Friends, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2006, na humo tunaona anakaribia zaidi mambo ya mtaani. Panya ndiye anayejua kuwasha moto, na jirani yake ni Tembo. Tembo anamshawishi waweke chakula cha akiba nyumbani kwake, maana nyumba yake ni kubwa na imara. Ukame ukija, anakataa kukitoa. Panya anahama, na moto unahama naye. Ni hadithi ya kikoba kilichovunjika. Kila mshirika aliyewahi kuweka akiba kwa mwenzake mwenye nyumba ya tofali na geti anaijua sura ya Tembo mlangoni. Watoto hupenda mwisho wake, urafiki unaporudi. Sisi tukiisimulia hukawia pale Tembo anapokula peke yake, mpaka darasa linanyamaza. Na hatuoni vibaya mtoto akiuliza chakula kile kilikuwa cha nani. Zakayo hakuishia kwenye karamu, alianza kuhesabu.

Kwa kazi ya darasani hata hivyo tunaendelea kuchagua ule mti. Nakala tuliyonayo ni moja, tumeivalisha karatasi ya nailoni, na tumebandika Kiswahili chetu juu ya Kiingereza kwa vipande vidogo vya karatasi, isipokuwa pale penye jina. Wazee wa kanisa wameruhusu kisomwe baada ya somo la Biblia, si kabla. Wawili kati yao bado wanataka kila kipindi kifungwe kwa swali la funzo, na sisi bado tunataka kifungwe na matunda yakianguka. Kikao kijacho ni mwezi ujao.